Uingereza Inayosomeka Durban

Pembeni mwa soko kubwa la Durban, zinaposhusha abiria teksi zitokazo vitongojini, ipo barabara inayoitwa Julius Nyerere. Kibao kinasema hivyo, na ramani pia. Lakini msimamishe mama anayeuza dawa za mitishamba umwulize hapa ni wapi, atakujibu Warwick. Warwick ni jina la mji wa Uingereza wenye ngome ya kale. Halmashauri ya eThekwini iliondoa jina hilo kibaoni ilipobadili majina ya barabara nyingi za jiji, na West Street na Smith Street zikaondoka wakati huohuo. West alikuwa Luteni Gavana wa kwanza wa koloni la Natal. Smith alikuwa kapteni aliyepigana na Makaburu hapa mwaka 1842. Leo barabara zao zina majina ya Pixley kaSeme na Anton Lembede, ila midomo ya watu bado inayakumbuka yale ya zamani.

Nafundisha Kiingereza na maarifa ya Uingereza kwa wazungumzaji wa Kiswahili mjini humu. Wengi wametoka Kivu, Katanga, Burundi na Tanzania, na baadhi wana ndugu Leicester au Manchester wanaowaita. Swali lao la kwanza huwa moja: "Mwalimu, Uingereza nianze kuisoma wapi?" Wanatarajia niwatajie wafalme, mto Thames na saa kubwa ya bungeni.

Mimi huwaambia waanze hapahapa Durban, na waanze na karatasi. Majengo ya Waingereza yanapigwa picha, lakini nguvu ya taifa lile ilikaa kwenye hati, sheria, rejista na fomu. Na karatasi ya Kiingereza ina tabia ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua mapema. Mara nyingi huandikwa kwa maneno mapana, yanayoonekana kumkaribisha kila mtu, na yule anayefungiwa nje hatajwi. Durban ni darasa zuri la tabia hiyo, kwa kuwa hapa aliyefungiwa nje alikuwa amesimama mlangoni, na mara nyingine alikuwa ameisoma sheria kuliko waliomfungia.

Muungano ndani ya muungano

Kabla ya karatasi kuna jina, na jina lenyewe linatupoteza. Kiswahili huita Uingereza vitu viwili: nchi ya Waingereza wenyewe, na dola nzima inayobeba pia Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini. Katika mazungumzo ya kibarazani hilo halina madhara. Mbele ya Mskoti lina madhara, na kwenye mtihani hupoteza alama.

Kwa somo hili huwapeleka wanafunzi mbele ya Ukumbi wa Jiji. Jengo hilo lenye kuba kubwa lilifunguliwa mwaka 1910, na mchoro wake unafuata kwa karibu sana Ukumbi wa Jiji la Belfast uliokamilika mwaka 1906. Wageni hulitazama wakasema wameona kipande cha Uingereza. Lakini Belfast iko Ireland. Imo katika dola ileile, ila si katika nchi ya Waingereza. Mwaka 1910 Ireland yote ilikuwa ndani ya muungano ulioanza mwaka 1801. Sehemu yake kubwa ilijitoa mwaka 1922, na Belfast ikabaki.

Mtanzania hahitaji maelezo marefu kulielewa hili. Anajua muungano ni nini, na anajua mabishano yake. Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707, lakini ikabaki na mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Tangu 1999 ina bunge lake Edinburgh. Waingereza wenyewe, walio wengi kupita wote, hawana bunge lao peke yao. Mambo yao huamuliwa katika bunge la dola nzima. Sasa itazame Tanzania: Zanzibar ina serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi, na Tanganyika haina, kwa kuwa mambo yake yamo ndani ya serikali ya Muungano. Miungano hii ilizaliwa na historia tofauti kabisa, lakini malalamiko yake yanafanana. Huyu mdogo anaogopa kumezwa, na yule mkubwa anauliza mbona yeye hana nyumba yake. Mwanafunzi akishaliona hilo, Uskoti haimchanganyi tena.

Na mwaka uleule ukumbi wa Durban ulipofunguliwa, Mei 31, 1910, koloni nne za kusini ziliunganishwa kuwa Muungano wa Afrika Kusini. Mkutano wa kuandaa katiba yake ulianza mjini Durban Oktoba 1908, na wajumbe wote walikuwa wanaume wa Kizungu. Neno lilikuwa lilelile, muungano, lakini wananchi walio wengi hawakuulizwa.

Sheria isiyomtaja mtu

Natal ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1843. Wengi hudhani mkoloni alifika akafagia kila kitu akapanga vya kwake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1845 watawala wa Natal waliamua kwamba sheria ya msingi ya koloni iendelee kuwa ile ya Kirumi na Kiholanzi iliyotoka koloni la Rasi ya Tumaini Jema. Waafrika wakawekwa chini ya machifu na sheria za kimila zilizosimamiwa na Theophilus Shepstone. Sisi wa pwani tunaujua mtindo huu: Zanzibar ilipofanywa nchi lindwa mwaka 1890, Sultani alibaki kwenye kiti na kadhi akabaki na mahakama yake. Mwingereza alizoea kukuachia nyumba yako na kushika ufunguo.

Mwaka 1856 Natal ilipewa hati ya kifalme na baraza la kuchaguliwa. Kura ilikuwa ya mwanamume mwenye mali ya pauni 50 au anayelipa kodi ya nyumba ya pauni 10 kwa mwaka. Rangi haikutajwa. Ukiisoma hati hiyo peke yake utaisifu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1865, sheria nyingine iliweka masharti kwa Mwafrika: kwanza aombe kutolewa chini ya sheria za kimila, kisha angoje miaka, kisha aombe tena, na uamuzi uwe wa Luteni Gavana. Mlango haukufungwa. Uliwekewa ngazi ndefu kiasi kwamba waliofika juu walihesabika kwa vidole.

Wahindi walianza kuletwa Durban kama vibarua wa mkataba Novemba 1860, kwa meli ya Truro kutoka Madras, wakafanye kazi kwenye mashamba ya miwa. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara waliojilipia nauli. Mwaka 1893 akaja mwanasheria kijana, Mohandas Gandhi, aliyesomea London. Katika mahakama ya Durban hakimu alimwamuru avue kilemba. Alikataa, akatoka nje.

Mwaka uliofuata bunge la Natal lilipitisha muswada wa kuwanyima Wahindi kura kwa kuwataja. Gandhi na wenzake wakaandika malalamiko, wakakusanya saini zipatazo 10,000, wakayapeleka London kwa waziri wa makoloni. London ikakataa kuuidhinisha. Hapa msomaji anaweza kufurahi akadhani haki imeshinda. Asome ukurasa unaofuata. London haikukataa lengo, ilikataa maneno, kwa kuwa dola yenye mamilioni ya raia India isingeweza kuandika waziwazi kwamba Mhindi ni duni. Mwaka 1896 Natal ikaandika upya: kura asipewe mtu ambaye asili yake ni nchi zisizokuwa na mabaraza ya kuchaguliwa kwa kura za bunge. Mhindi hakutajwa popote, na Mhindi akatoka. Sheria hiyo London iliikubali.

Januari 1897 Gandhi alirudi kutoka India, na umati wa Wazungu ukamshambulia mitaani Durban. Aliokolewa na mke wa mkuu wa polisi, aliyemkinga kwa mwavuli wake. Mwaka huohuo bunge la Natal lilipitisha Sheria ya Kuzuia Uhamiaji. Anayetaka kuingia aandike kwa mkono wake ombi la kuingia, kwa lugha yoyote ya Ulaya. Hakuna taifa lililotajwa, wala rangi. Mfanyabiashara wa Kigujarati aliyetunza daftari za duka kwa miaka ishirini alihesabiwa hajui kusoma. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, aliupenda ufundi huo kiasi cha kuusifu mbele ya mawaziri wakuu wa makoloni mengine waliokutana London. Australia iliuchukua mwaka 1901 na kuutumia hadi 1958. Kwa hiyo mtihani wa lugha kwa mhamiaji, ambao leo tunauona jambo la kawaida duniani, una mizizi yake katika gati la Durban.

Mvulana wa Kireno

Wakati sheria hiyo inapitishwa, alikuwapo Durban mtoto wa miaka minane kutoka Lisbon, mtoto wa kambo wa balozi mdogo wa Ureno. Jina lake Fernando Pessoa. Aliingia Shule ya Sekondari ya Durban, na mwaka 1903 alipata Tuzo ya Malkia Victoria kwa insha bora ya Kiingereza kati ya mamia ya watahiniwa wa makoloni ya kusini. Mwaka 1905 alirudi Lisbon moja kwa moja, akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Ulaya, akijipatia riziki kwa kuandika barua za biashara za Kiingereza na Kifaransa.

Namtumia Pessoa kuwatia moyo wanafunzi wangu, kwani aliijua Uingereza kwa undani akiwa darasani Durban, kupitia vitabu vyake na nidhamu ya insha zake. Inawezekana. Lakini nawakumbusha pia kwamba lugha ya mama yake, Kireno, ilikuwa miongoni mwa lugha ambazo sheria ya 1897 ilizikubali. Kipaji kilikuwa chake mwenyewe. Nafasi ya kukionyesha ilitokana na upande wa mlango aliokuwa amesimama.

Wazanzibari wa Bluff

Sasa nifike kwa watu wanaotuhusu kwa damu. Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, baada ya kubanwa na wajumbe wa Uingereza wakiongozwa na Sir Bartle Frere. Huyu ndiye Frere ambaye jina lake lilipewa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na swali likawa watu hao wapelekwe wapi. Agosti 1873 manowari Briton ilitia nanga Durban ikiwa na kundi la kwanza. Hadi 1880 walikuwa wamefika zaidi ya 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walitoka Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Jina hilo wanalo hadi leo.

Kwa nini Natal iliwapokea? Vitabu vya sifa husema kwa huruma. Itazame tarehe. Uhamiaji wa vibarua wa Kihindi ulisimama mwaka 1866, ukaanza tena 1874, na kilichochelewesha kuanza huko ni malalamiko ya waliorudi India kuhusu walivyotendewa. Mwaka 1873 mashamba yalikuwa na njaa ya mikono. Wazanzibari wakawekwa chini ya Mlinzi wa Wahamiaji wa Kihindi, wakaandikishwa mikataba ya miaka mitano. Uhuru wao ulianza kwa mkataba ambao hawakuujadili. Siwakani wanajeshi wa majini waliopambana na majahazi yale, wala sipunguzi ubaya wa soko la Mkunazini. Nasema tu kwamba kukombolewa na kutumiwa kulisafiri katika meli moja, na mwanafunzi asiyeweza kuyabeba yote mawili kichwani kwa pamoja atakuwa ameisoma nusu ya Uingereza.

Wazanzibari hao wakaweka makazi King's Rest, kwenye mwinuko wa Bluff unaoikinga bandari. Kulikuwa na Waislamu, na kulikuwa na Wakatoliki waliofundishwa na wamisionari. Mwishoni mwa karne ya 19 wadhamini wa Kiislamu wa Kihindi, walioungana na Msikiti wa Juma wa Grey Street, walinunua ardhi Bluff ili Wazanzibari wakae. Hapa pana somo ambalo vitabu vya wanafunzi hulipita haraka: amana ya Kiingereza. Katika amana, jina lililo kwenye rejista ya ardhi ni la mdhamini, lakini faida ni ya mtu mwingine, na mahakama humlazimisha mdhamini kuishika ahadi hiyo. Mtu wa Lamu au Unguja ataikumbuka wakfu mara moja. Amana na wakfu vina tofauti, hasa kwamba wakfu humwachia Mungu umiliki na hautarajiwi kufika kikomo, lakini dhamiri yake ni ileile. Wafanyabiashara waliokuwa wakinyimwa kura na bunge la Natal walichukua chombo cha kisheria cha Waingereza, wakakijaza nia ya Kiislamu, na kikawapa hifadhi Waafrika walioletwa na manowari. Kila ninapolifundisha jambo hili, darasa hunyamaza.

Utawala wa kibaguzi ulioanza mwaka 1948 ulikuja na karatasi ya aina nyingine, isiyoona haya. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilitaja rangi waziwazi na kugawa mji kwayo. Wazanzibari wakasumbua rejista: sura za Kiafrika, dini ya Kiislamu kwa wengi, jina la kisiwa. Hatimaye wakaandikwa katika kundi la "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishwa Bluff na kupelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Ardhi ilikuwa ya amana, na amana haikuwaokoa. Ndani ya miaka tisini jamii moja iliandikwa mtumwa aliyekombolewa, kibarua wa mkataba, kisha Mwasia. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni fomu.

Mechi isiyo na mwisho

Utamaduni nao husomwa hivyohivyo. Machi 1939 Uingereza na Afrika Kusini zilicheza kriketi katika uwanja wa Kingsmead, Durban, kwa makubaliano kwamba mechi haitakuwa na kikomo cha siku; itachezwa mpaka apatikane mshindi. Ilianza tarehe 3 na kufika tarehe 14. Uingereza ilihitaji mikimbio 696 na ilikuwa imefikisha 654 mvua iliponyesha. Treni ya kuwapeleka Cape Town kupanda meli haikuweza kusubiri zaidi, kwa hiyo mechi ikatangazwa sare.

Humo mna mengi ya kujifunza kuhusu Mwingereza: uvumilivu wake kwa kanuni hata inapomchosha, na heshima yake kwa ratiba, iliyoishinda kanuni yenyewe. Uliza pia nani hakuwamo. Timu zote mbili zilikuwa za Wazungu, katika mji ambamo Wahindi na Waafrika walikuwa na klabu zao na walicheza mchezo huohuo kwa kanuni hizohizo.

Maswali 24

Tangu 2005 anayeomba uraia wa Uingereza hufanya mtihani wa maarifa ya nchi. Ni maswali 24 kwa dakika 45, na anayepata 18 amefaulu. Huulizwa Hati Kuu ya 1215, Sheria ya Haki ya 1689, kura ya wanawake ya 1918 na 1928. Ni mtihani wa kujifunza ukafaulu, na nawahimiza wanafunzi wangu wausome kwa bidii bila kinyongo. Si ule wa 1897. Una kitabu chake kinachouzwa madukani, na aliyeanguka anaweza kurudia.

Ila nawataka wausome kama watu wa Durban. Kila taasisi ya Kiingereza waiulize mambo matatu. Maneno yake yanasema nini? Yananyamaza kuhusu nani? Na huyo aliyenyamaziwa aliyatumiaje hata hivyo? Swali la kwanza litawapa alama. La pili litawazuia kudanganyika. La tatu ndilo ninalolipenda, kwa kuwa ndani yake wamo wenye saini 10,000, wamo wadhamini wa Grey Street, na wamo Wazanzibari wanaojiita kwa jina la kisiwa ambacho babu zao wengi walikipita tu wakiwa mateka. Hao hawakuisoma Uingereza ili waipende au waichukie. Waliisoma ili waishi, na wakaijua kuliko wengi waliozaliwa humo.

Wiki iliyopita tulimaliza somo kwenye kona ya Julius Nyerere. Mwanafunzi kutoka Bukavu alikitazama kibao, akaniuliza jina lipi aliandike daftarini. Nilimwambia ayaandike yote mawili, na mbele ya kila jina aweke jina la aliyelichagua.